Boya la Ziwa Viktoria: namna ya kujenga mtandao wa vihisi utakaodumu

Anayeanza kazi ya kupima joto na oksijeni ya ziwa kwa vihisi huuliza kwanza anunue kihisi gani. Hilo linaweza kusubiri. Jiulize kwanza nani atakwenda kukiosha kihisi kila wiki ya nne, kwa mtumbwi gani, na mafuta atalipa nani. Ukishindwa kujibu kwa vituo vitano, jenga viwili. Mtandao wa vituo viwili vinavyohudumiwa kwa miaka mitano una faida kuliko vituo kumi vilivyonyamaza baada ya mvua za kwanza.

Uganda haina bahari, lakini Ziwa Viktoria lina kina cha mita 80 hivi na mbinu zake ni zilezile za baharini: nanga, kamba, boya, saa na subira. Tofauti zipo na tutazitaja, kwa sababu mwongozo wa maji ya chumvi ukiufuata neno kwa neno huku utakupotosha, hasa kwenye oksijeni.

Mahali pa kuweka

Amua unatafuta nini. Sehemu kubwa ya mwaka maji ya ziwa hukaa kwa tabaka: ya juu yana joto kidogo, ya chini ni baridi kidogo na huishiwa oksijeni polepole. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huyapoza na kuyachanganya. Hatari ni pale upepo au dhoruba inapoinamisha tabaka, maji ya chini yakapanda hadi ghubani. Sangara, mputa wa huku kwetu, hufa wa kwanza kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Wenye vizimba vya ngege (tilapia) wanataka kujua hilo kabla ya alfajiri, wala si wiki ijayo.

Kwa hiyo kituo kimoja kiwe kwenye maji ya kina kirefu, mita 40 hadi 60, na kingine ghubani kwenye mita 8 hadi 12. Ghuba ya Murchison ni mfano mzuri: mfereji wa Nakivubo unaleta maji machafu ya Kampala, na mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa humohumo. Kwenye kina kirefu, eneo la Bugaia, kusini mwa Buvuma, lina sifa ya pekee: vipimo vilivyochukuliwa huko na J. F. Talling mwaka 1960 na 1961 bado vinatumika kulinganisha hali ya sasa. Kituo kipya karibu na cha zamani kinazaliwa kikiwa na umri wa miaka 60.

Epuka njia ya feri na mdomo wa mto. Epuka pia sehemu ambako magugu maji na visiwa vinavyoelea hupita. Kisiwa cha mafunjo kikilishika boya hakuna nanga ya mtumbwi itakayokizuia. Aprili 2020 kimoja kilifika mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Jinja na nchi ikaingia gizani. Boya lako si kitu mbele yake.

Ruhusa zianze miezi kadhaa kabla: UNCST (baraza la taifa la sayansi) kwa utafiti, Kurugenzi ya Uvuvi, idara ya usafiri wa majini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na UCC (tume ya mawasiliano) kama una redio yoyote isiyo ya laini ya simu. Wajulishe wanaosimamia uvuvi majini, maana wakikuta kamba wasiyoijua majini wataivuta. Kisha nenda mwaloni, wanakotua wavuvi, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wavuvi wenyewe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayolinda boya kuliko karatasi zote.

Nanga na kamba

Hapa ndipo mitandao mingi hufa. Kamba hukatika kabla ya kihisi kuharibika.

Kosa la kawaida ni kufunga vihisi kwenye kamba inayoshikilia boya la juu. Kamba hiyo lazima iwe na ulegevu, la sivyo mawimbi yataing'oa nanga. Ikiwa legevu inalala upande, na kihisi ulichoandika kuwa kipo mita 30 kinakaa mita 24 leo na 28 kesho. Tumia mfumo wa herufi U: nanga mbili chini, kamba moja ikilala sakafuni kati yake. Nanga ya kwanza inashikilia boya la juu, lenye paneli na antena. Ya pili inashikilia kamba iliyonyooka wima, imevutwa na boya dogo lililozama mita 8 chini ya uso, na vihisi vyote viko hapo. Boya la juu likiibwa au likikatwa na injini, vihisi vinabaki vikirekodi. Utavipata kwa kuburuta ndoano ya nanga ndogo sakafuni hadi inase kamba ya chini.

Kwa kina cha mita 40, vipimo vinavyofaa ni hivi: kamba ya sakafuni mita 100, kamba ya vihisi mita 31 ukijumlisha mnyororo wake, kamba ya boya la juu mita 60, na mnyororo wa milimita 10 wenye urefu wa mita 5 juu ya kila nanga, kwa sababu sehemu inayogusa sakafu ndiyo inayosagika. Tumia nailoni ya milimita 12 hadi 14. Ile kamba ya bei rahisi ya buluu au ya kijani inayouzwa kila mwalo huelea, na kamba inayoelea hukatwa na propela au hunasa nyavu. Usipunguze ulegevu wa boya la juu. Kati ya 2006 na 2020 kina cha ziwa hili kilibadilika zaidi ya mita 2, na Mei 2020 kikavuka kile cha 1964.

Boya la chini ya maji lisiwe jerikani. Kila mtu hujaribu, na kila mara matokeo ni yaleyale: kwenye mita 8 hewa ya lita 20 inabanwa hadi lita 11 hivi, jerikani linakunjamana, linapasuka kwenye kona, kamba yote inalala matopeni. Nunua maboya magumu ya nyavu yaliyoandikwa kina yanachohimili, na uyaunganishe mpaka upate mvuto wa kilo 25 juu ya uzito wa vihisi.

Kwa mvuto huo nanga iwe na kilo 100 ikiwa ndani ya maji. Zege hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito likizama, kwa hiyo unahitaji kilo 175 nchi kavu. Chuma hupoteza kidogo tu, kilo 115 zinatosha. Mabloku ya injini chakavu kutoka Katwe, Kampala, ni nanga nzuri, baada ya kumwaga oili yote na kuyaosha kwa sabuni. Baharini hutumia hata magurudumu ya treni, ila hapa usiguse chuma cha reli kisicho na karatasi. Gawa uzito katika vipande vya kilo 40 vilivyounganishwa kwa mnyororo, watu wawili waweze kuinua bila kupindua chombo.

Shakeli zote ziwe za chuma kimoja. Ya stenlesi ikiunganishwa na mnyororo wa mabati, mnyororo ndio unaoliwa, polepole kuliko baharini lakini unaliwa. Kila pini ya shakeli ifungwe kwa waya wa stenlesi, maana mtikisiko wa mawimbi huifungua pini iliyokazwa kwa spana hata iweje. Chini ya boya la juu weka kiungo kinachozunguka. Bila hicho boya linageuka na upepo siku nzima, kamba inajisokota mpaka inajifunga fundo lenyewe.

Matope ya ziwa ni laini kama uji. Nanga itazama humo, kwa hiyo kihisi cha mwisho kiwe mita 2 juu yake.

Vihisi na sanduku

Kwa mita 40 weka vipimajoto kwenye mita 10, 15, 20, 25, 30, 35 na 38. Viwili vya juu, mita 1 na 5, vining'inie kwenye waya mfupi chini ya boya la juu, pamoja na uzito wa kilo 5. Vihisi vya oksijeni ni ghali. Ukiwa na vitatu, viende mita 5, 25 na 38. Chagua vya mwanga, si vya utando na maji ya kemikali, kwani hivyo vinadai matunzo kila wiki. Kihisi kimoja cha shinikizo kwenye mwisho wa kamba kitakuambia kama kamba bado iko wima.

Pima kila dakika 10. Dhoruba za ziwa hili hupiga zaidi usiku na alfajiri, na kipimo cha kila saa kinaziruka.

Umeme si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kidhibiti kinacholala hutumia nusu miliampia, vihisi wastani wa miliampia 2, modemu inayotuma dakika moja kila saa miliampia 3 au 4. Jumla ni kama 0.14 Ah kwa siku. Betri ya 12 Ah ikitumika nusu tu inakaa siku 40 bila jua. Kinachoimaliza ni modemu inayotafuta mtandao usiopo: iwekee kikomo cha dakika 2, ikishindwa ilale, data zisubiri kwenye kadi. Modemu ikitumia 2G huvuta ghafla hadi ampia 2, na waya mwembamba hauwezi kuibeba. Kifaa kinajizima na kuwaka, na fundi analaumu programu. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na miguu ya modemu, waya uwe mfupi na mnene. Mbali na visiwa, ambako laini za simu hazifiki, kuna setilaiti ya Iridium. Ujumbe wake mmoja unabeba baiti 340 tu, kwa hiyo tuma muhtasari.

Paneli ilazwe kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15. Karibu na Ikweta ungeweza kuilaza kabisa, lakini mvua haitaosha kinyesi cha ndege. Juu yake simamisha waya mgumu wa ncha ncha, la sivyo mnandi watageuza boya kuwa kiti chao. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi huganda kwenye paneli pia. Hao huondoka kwa kitambaa chenye maji tu.

Kuhusu wizi, fikiria kama mvuvi wa mukene (dagaa). Anavua usiku kwa taa, na taa yake inahitaji betri ya volti 12. Ukiweka betri ya volti 12 umemletea zawadi mlangoni. Tumia seli za lithiamu fosfeti za volti 3.2 na paneli ya volti 6, vyote vimegandishwa kwa epoksi ndani ya boya. Lipake boya rangi ya njano, ambayo kimataifa ni alama ya vyombo vya utafiti, na taa yake iwe njano. Andika pembeni kwa Luganda, Lusoga na Kiswahili, kwa kuwa mialoni ina wavuvi wa kila upande: hiki ni kipimajoto cha maji, ndani hamna pesa. Weka namba ya simu inayopokelewa kweli, na kila mwezi peleka mwaloni grafu iliyochapwa. Mvuvi akiona karatasi inaeleza kwa nini nyavu zake za chini zilitoka tupu wiki ile, boya linakuwa lake pia.

Sanduku la vifaa lijaribiwe tupu kwanza. Weka karatasi ya chooni ndani, lifunge, lizamishe usiku kucha na mawe. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, oringi (mpira wa kuziba mfuniko) ina unywele au mchanga. Isafishe kwa kidole, paka grisi ya silikoni kidogo tu, rudia. Tia pakiti za silika jeli kabla ya kufunga. Ukilazimika kutumia betri ya asidi, usiifungie kabisa: inatoa hidrojeni, na boya lililofungwa likifunguliwa karibu na sigara hulipuka.

Kusawazisha, kazi isiyorukwa

Kwenye nchi za baridi, ziwa lina nyuzi 20 juu na 5 chini, na kipimajoto chenye kosa la nusu nyuzi kinatosha. Hapa tofauti ya juu na chini ni nyuzi moja au mbili tu kwa siku nyingi. DS18B20, kihisi kinachopatikana kila duka la vifaa vya umeme, kinaruhusiwa kukosea nyuzi 0.5. Viwili vikikosea kwa pande mbili tofauti, vinaweza kukuonyesha tabaka lisilokuwepo.

Kwa hiyo vifunge vyote kwa raba pamoja na kipimajoto kimoja cha rejea chenye cheti. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wana maabara ya vipimo. Tumbukiza fungu zima kwenye sanduku la barafu la lita 50 lililojaa maji, pampu ndogo ya tangi la samaki ikiyazungusha. Pima saa nzima kwenye nyuzi 20, kisha 25, kisha 30. Tofauti ya kila kihisi na rejea iandikwe pamoja na namba yake na itumike kusahihisha. Ukifanya hivi vizuri, vihisi vya bei rahisi vitakubaliana ndani ya nyuzi 0.1. Usitumie maji yanayochemka kama kipimo cha 100: Entebbe maji huchemka karibu na nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko.

Mwinuko huohuo ndio unaoharibu vipimo vya oksijeni. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni yana miligramu 8.3 kwa lita pwani, lakini hapa ni 7.2 tu. Kihisi kilichosawazishwa kwa shinikizo la pwani kitazidisha karibu asilimia 15, na kengele ya mwenye vizimba italia kwa kuchelewa. Mpe kihisi shinikizo halisi la mahali, kama 884 hektopaskali. Tahadhari: programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha karibu 1,013 hata ukiwa Jinja, kwa sababu zimeshusha hesabu hadi usawa wa bahari. Tumia barometa yako. Asilimia 100 isawazishwe kwenye hewa yenye unyevu juu ya kitambaa kilicholowa, na sifuri kwenye maji yenye sodiamu salfaiti.

Kuna usawazishaji mwingine usiolipiwa. Maboya ya Argo yanayozama baharini hadi mita 2,000 kila siku 10 hukaguliwa kwa kulinganishwa na maji ya kina ambayo hayabadiliki sana. Ziwa letu lina msimu badala ya kina: maji yakichanganyika kabisa, mara nyingi Julai, asubuhi baada ya usiku wa upepo, vipimajoto vyote vinapaswa kusoma karibu namba moja. Kinachojitenga na wenzake kimeyumba. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya kila mwaka.

Kuzamisha

Toka alfajiri, siku tulivu, kwa mtumbwi wa futi 28 au zaidi wenye injini, kila mtu na jaketi la kuokolea. Panga kamba kwenye mabeseni kwa mizunguko, si sakafuni, na asisimame mtu ndani ya mzunguko wa kamba. Shusha boya la juu kwanza, kamba yake, kisha nanga yake kwa kamba ya mkononi. Nenda polepole ukiachia kamba ya sakafuni. Achia boya la chini na kamba ya vihisi majini, na nanga ya pili iwe ya mwisho kabisa, ikiteleza kwenye ubao. Rekodi GPS ya kila nanga wakati inaachiwa, wala si baada ya kugeuza mtumbwi.

Huduma na data

Kila wiki ya nne osha vihisi vya juu. Mwani na konokono huanza kuotea kwenye kioo cha oksijeni na namba zinashuka taratibu, mchana zikiruka juu kwa sababu mwani wenyewe unatoa oksijeni. Utepe wa shaba kuzunguka kioo husaidia. Soma kihisi kabla ya kuosha na baada ya kuosha, majini palepale, uandike zote mbili. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurekebisha wiki zilizopita. Kila mwaka vuta kamba yote na ubadilishe shakeli na mnyororo hata kama zinaonekana nzima.

Saa ya kifaa iwe UTC, saa ya kimataifa, daima. Moduli ya DS3231 hupotea kama dakika moja kwa mwaka. DS1307 ya bei rahisi inaweza kupotea dakika 10. Kwenye daftari andika muda kwa mfumo wa saa 24. Mtu akiandika "saa mbili" hakuna atakayejua miaka mitatu baadaye kama ni asubuhi, usiku, au alasiri ya saa ya Kizungu.

Data mbichi isifutwe wala kurekebishwa kamwe. Kila kipimo kipewe alama kwenye safu ya pembeni: 1 kizuri, 3 cha mashaka, 4 kibaya, 9 hakipo. Programu itoe alama yenyewe kwa maswali manne: je, namba iko ndani ya mipaka inayowezekana ziwani, imeruka ghafla na kurudi, inabadilika haraka kupita kiasi, au imekwama palepale kwa saa 6? Hilo la mwisho hukamata kihisi kilichokufa kikiendelea kutuma namba yake ya mwisho. Mtu apitie zile za 3 kila Jumatatu, maana dhoruba ya kweli nayo hufanana na hitilafu, na ndiyo uliyoijengea boya. Hifadhi nakala mbili katika majengo mawili, na moja uwape NaFIRRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, Jinja.

Kihisi kipya kisichukue nafasi ya cha zamani siku hiyohiyo. Vifunge pamoja kwenye kina kilekile kwa wiki mbili, upate tofauti yao; bila hizo wiki mbili, mabadiliko ya ziwa na mabadiliko ya kihisi hayatatenganishika tena. Namba ya kila kihisi ichongwe kwa msumari upande wa ndani wa mfuniko, kwa sababu stika ya nje itafutika na jua kabla ya Krismasi.